Farasi wa Akurut na Farasi Wangu

Nasema wazi kabla hujaniuliza: nilikuwa na wivu. Na bado niko nao. Mke mwenza akiletewa nyama, moshi wake ukuingie puani huku wewe unakoroga mboga za kunde, halafu useme huna wivu? Basi wewe si mzima.

Mimi ni Ajiko, mama Echodu, mke wa kwanza wa Omagor, mwenye lojingi hapa Malaba, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda. Tangu tuifungue, funguo za vyumba nazifunga mimi kiunoni. Nafua mashuka, nawafukuza wasiolipa, najua kitanda gani kimelegea na dereva gani hukoroma. Akurut, mke wa pili, alikuja juzi tu, akajengewa nyumba yake ng'ambo ya kisima.

Kitu kimoja siwezi kumnyima Omagor: anajua kugawa sawa. Akinunua kilo ya sukari, nusu kwangu, nusu kwa Akurut. Hata mche wa sabuni anaukata kwa kisu, anapima kwa jicho. Sasa alipoanza kubeti mbio za farasi, hizo za nchi za mbali zinazoonyeshwa kwenye TV katika duka la kamari, dereva mmoja akamfundisha kanuni mbili za kuchagua farasi. Mume wangu akafanya nini? Akatugawia kanuni!

"Akurut, wewe nimekupa kipenzi," akasema, yaani yule farasi ambaye watu wengi wamemwekea pesa. "Ajiko, wewe nimekupa wa pili wake. Dereva anasema wote wawili wana faida. Farasi wako akishinda, kitoweo kinakuja jikoni kwako."

Kwani mimi ni nani nipewe wa pili? Mimi niliyekuja kwanza? Roho ilinichoma.

Na hao farasi wa Akurut wakawa wanashinda, aki! Leo nyama, kesho samaki. Anapiga vigelegele mpaka madereva wanatoka vyumbani kuuliza kuna harusi ya nani. Wangu akishinda mara moja, wake ameshashinda mara tatu. Akaanza kutembea kwa madaha, ati, "Watu wengine tumezaliwa na nyota jamani, tufanyeje?"

Hayo maneno ya nyota Omagor akayameza mazima. Jioni moja akatuita. "Mwezi ukiisha, Ajiko, utampa Akurut funguo. Biashara inataka mkono wenye bahati."

Woi! Nyama ningevumilia. Lakini zile funguo ndizo zilizofanya mgeni akiuliza mama mwenye nyumba ni nani, aonyeshwe mimi. Nikizitoa, nabaki mfuaji wa mashuka.

Nikaanza kuwafikiria wale farasi kwa hasira. Nikaona jambo: kipenzi akishinda, tunasikia vigelegele. Akishindwa, nani hupiga kelele? Hakuna. Tena akishinda analipa kidogo tu, kwa sababu kila mtu alikuwa amemchagua yeye.

"Tupime," nikamwambia Omagor. Nikaleta madebe mawili, nikayajaza nafaka ya wimbi, nikayaweka barazani mchana kweupe, moja la Akurut, moja langu. "Kila farasi wetu akikimbia, nachota kikombe kimoja. Akishinda, narudisha kiasi kile ambacho duka lingelipa. Wewe ndiye utasema matokeo, nisije nikaambiwa nimeiba."

Akurut alicheka mpaka akashika ukuta. "Leta hata gunia, mama Echodu. Litafurika!"

Basi juma zima Omagor akitoka dukani anasoma matokeo, mimi nachota. Kipenzi akishinda, kikombe cha Akurut kinarudi na nusu ya kingine juu. Vigelegele! Lakini kila mara akishindwa, kikombe kizima kinaenda, na alishindwa karibu nusu ya mbio zote. Huhitaji shule kuona hapo: nusu inaingia, kizima kinatoka. Wangu naye akishinda alileta vikombe vinne kwa mpigo, mpaka nami nikapiga kigelegele changu. Shida ni kwamba mpaka ashinde, wimbi langu lilikuwa limeshachotwa mara tano, mara sita. Debe la Akurut lilikuwa linaliwa kwa kelele, langu kimya kimya.

Juma lilipokwisha, madebe yote mawili yalikuwa yamepungua sana. La Akurut lilibaki na wimbi zaidi kidogo kuliko langu. Hata hapo alinishinda, mjinga yule! Lakini sikujali. Hakuwa anacheka tena.

Omagor alitia mkono ndani ya debe moja, kisha la pili. Nikajiambia: Sasa ataacha kubeti, funguo zibaki kwangu.

"Kumbe," akasema. "Kumbe nyota haiko kwako, na kwa Akurut pia haiko."

"Nyota gani, baba Echodu? Ni hizo kanuni zenyewe hazilipi! Wenye duka wamepiga hesabu yao kabla wewe hujaingia mlangoni."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ajiko, huo ni wivu unaongea."

Wivu kweli ulikuwepo, na kila mtu pale alijua.

Jumapili iliyofuata bodaboda ilisimama barazani. Akashuka msichana mmoja kutoka Amukura, Euphrasia, na sanduku lake jipya. Omagor alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Huyu ni mke mwenzenu," akasema. "Dereva amenipa kanuni ya tatu, ya farasi aliyetoka kupumzika. Huyo ndiye nimempa Euphrasia. Ajiko, mpe funguo."

Nilizifungua kiunoni. Euphrasia akazipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kwa adabu, akaenda kujaribu mlango wa kwanza. Akurut alikuwa amekuja kusimama kando yangu. Hakuwa na madaha yoyote siku hiyo.

"Mama Echodu," akaninong'oneza, "si ungeacha tu nishinde?"