Stika Kiganjani

Manju alipoleta kompyuta katika duka lake la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, alidhani wizi umekwisha. Kila kitu kilibandikwa stika yenye mistari. Kikiuzwa, mashine ya kaunta inaisoma, inalia ti!, na kompyuta inakipunguza kwenye hesabu. Lakini mifereji ya shaba, ile ya kufungulia maji, ilizidi kutoweka. Kompyuta ilisema imejaa, na rafu ilikuwa karibu tupu.

Macho yake yakamwangukia Owino, mtunza stoo. Ufunguo si alikuwa nao yeye? Tena uchaguzi wa 2007 ulikuwa unanukia, na watu mjini walishaanza kutazamana kwa pembeni kwa sababu ya kabila. Manju akawa anavizia hata kikohozi cha Owino.

"Mimi sisemi kitu, auntie," Becky wa kaunta alimnong'oneza. "Lakini huyo mzee hubeba begi kubwa sana."

Jioni moja Manju alimsimamisha Owino mlangoni, wateja wakiona. "Fungua begi."

Owino alimkazia macho, kisha akalifungua. Mlikuwa na koti la mvua, bakuli la chakula na viatu vya mtoto vilivyotoka kushonwa.

"Umeridhika, madam?"

Manju akampisha apite. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alipochungulia mauzo, akashtuka: mifereji ya plastiki, ile rahisi, ilionyesha imeuzwa mingi kuliko iliyowahi kuletwa, na maboksi yake stoo yalikuwa yamejaa vumbi.

Akajibanza nyuma ya makopo ya rangi. Fundi mmoja alileta mfereji wa shaba kaunta. Becky akaupokea, lakini alichopitisha mbele ya mashine kilikuwa kiganja chake. Ti! Fundi akalipa bei ya shaba, droo ikapata ya plastiki, pesa iliyozidi ikazama mfukoni mwa Becky.

Manju akamshika mkono, akaugeuza. Stika ya mfereji wa plastiki ilikuwa pale, imeloa jasho.

"Auntie, ni shetani tu!"

Huyu ndiye aliyekuwa akila naye chapati kila mchana. Alimfukuza, kisha akaenda stoo.

"Nimekukosea, Owino. Nisamehe."

"Nimekusamehe, madam. Lakini walioniona nikipekuliwa ni majirani zangu wa mtaa wa Free Area. Nao utawaambia nini?"

Jumapili Manju alienda Free Area, akasema kosa lake mbele yao, uso ukimwaka kwa aibu. Mke wa Owino akampa chai. Owino mwenyewe alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, na hapo akamkabidhi ufunguo wa stoo. Alikuwa ameshapata kazi kwingine, huko Lanet.