Mlio wa Msiba

Flavia alipomaliza kuuza karanga zake sokoni Kanyenye, aliingia kwenye banda walimokusanya mabaki ya vita ya Mjerumani, yapelekwe makumbusho Dar es Salaam. Akacheka.

"Hata sisi tunalo kama hili," alimwambia Nassibu, mlinzi wa banda, akimwonyesha kombora la mzinga. "Mume wangu alilichimbua shambani. Ndiyo kengele ya kanisa letu."

"Usinitanie, dada. Hili limeshatolewa baruti. Lenu lina ncha ya shaba?"

"Inang'aa kama pete."

Nassibu akaacha kutabasamu. "Basi baruti bado imo. Mkigonga ile ncha, mtaokotwa kwa vikapu. Nitamwambia Bwana Mkubwa atume askari. Msiliguse!"

Flavia akakumbuka wanavyoligonga. Kwa sala waligonga ubavuni. Lakini Ambrosi, mumewe, aliyekuwa katekista, alikwisha kuagiza kwamba kwa msiba litagongwa kwenye ncha, kwa kuwa huko mlio ni mzito, wa huzuni. Tangu litundikwe, hajafa mtu kijijini. Na asubuhi ile Flavia alimwacha mzee Lugembe hoi, hamezi hata uji.

Akatoka mbio, akapita Cheyo, akashika njia ya zamani ya misafara. "Ee Bwana, usimchukue Lugembe mpaka nifike. Mpaka nifike tu." Aliona haya kumwombea mgonjwa uhai mfupi namna ile, lakini hakupata maneno mengine.

Alipovuka kijito akasikia vilio.

Watu walikwisha kukusanyika chini ya mninga lilikotundikwa kombora, mbele ya kanisa, watoto wakiwa karibu kabisa. Ambrosi alikuwa ameinua nyundo. Flavia akafungua kinywa, sauti isitoke. Akajirusha mbele ya ile ncha, nyundo ikampata begani.

"Una wazimu?" Ambrosi alifoka. "Kwenye msiba wa watu?"

"Lina baruti," alisema akihema. "Hiyo ncha. Itatuua sote."

"Kwa hiyo baba yangu azikwe kimya kama mwizi?" alilia Josepha, binti wa marehemu.

Ambrosi aliitazama ncha, kisha watoto. Akailaza nyundo majanini kama anayelaza kitoto kichanga.

"Rudini nyuma," alinong'ona. "Polepole. Asikimbie mtu."

Wakarudi kinyumenyume, Josepha amejiziba kinywa kwa kanga. Upepo ukavuma, kombora likageuka kwenye kamba, likasugua gome la mti. Flavia alianza Salamu Maria moyoni, akiogopa hata kupumua.