Pluto, Mtoto wa Brinovka

...eti kitabu kinanukia majani mabichi, ndivyo alivyoandika, nimemsikia vizuri, na mimi hapa na kisu na nusu kabichi nikajiambia labda anaanza hivyo tu, watu wa magazeti lazima wanukishe kitu kwanza, atafika kwa farasi, basi nikangoja, nikakata kabichi nikangoja, na mjukuu wangu Nives anasoma kwenye simu yake makala yake ya gazetini juu ya kitabu kipya cha Silvester, mpanda farasi wetu, miguu juu ya kiti changu, buti zina samadi mpaka kisiginoni na sijasema kitu, "Bwana Silvester anatushika mkono na kutuingiza uwanjani," anasoma, "akiwa juu ya Pluto, dume asiyesahaulika"... Pluto yupi, nusu ya madume ya shamba hili ni Pluto, babu wa babu yao alikuwa Pluto basi wote wamebandikwa jina lake, kinachomtenganisha mmoja na mwenzake ni jina la pili, la mama, na huyu mtoto amezaliwa nyuma ya ukuta wa mabanda, analijua hilo tangu hajajua kufunga kamba za viatu, Pluto Brinovka, sema, ulimi hautavunjika, Brinovka niliyemlea kwa hii mikono, upepo wa burja ukishuka kutoka mlimani anakuja anasimama upande unaovuma, ananikinga, mimi mtu, yeye mnyama, na siku aliyomzaa huyo Pluto theluji ilikuwa mpaka dirishani na mtoto katoka mweusi tii, kama wanavyotoka wote, weupe wao unakuja taratibu na miaka... "Bibi, unasikiliza?" Nasikiliza, endelea. "Lugha yake ni tamu, karatasi ni nzuri, picha ya jalada inapendeza"... inapendeza, haya, sikusoma shule lakini picha hainishindi, kitabu kile pale karibu na mkate, Silvester kanyoosha mgongo, na chini yake Pluto hewani, miguu yote minne imeacha ardhi, na bado mweusi kama sufuria langu, hata kijivu hajaanza, mtoto, maziwa hayajakauka midomoni anarushwa hewani kwa ajili ya wageni na makofi yao, kila mtu wa farasi atakayeishika picha ile ataona alichofanyiwa, na mjukuu wangu kaandika inapendeza, kisu kinateleza kwenye kabichi, na alikuwepo, Nives alikuwepo siku ile, mtoto mdogo, kakaa juu ya ukuta wa mawe na soksi zimeshuka, akaja kunivuta aproni, "Bibi, Pluto anachechemea, mwambie yule bwana ashuke," na yule bwana hakushuka... Sasa anasoma haraka, sauti kaishusha, nikadhani amepaliwa, "mwandishi anaeleza kwa uchungu jinsi dume huyo alivyovunjika, kwa udhaifu wa miguu aliourithi upande wa mama"... Ahaa. Kumbe mama anajulikana. Alipocheza mbele ya watu alikuwa Pluto mtupu, mtoto wa baba, miguu ilipovunjika ndipo mama akatafutwa akapatikana, na Brinovka hawezi kujibu, amelala chini ya nyasi za malisho ya juu, aliyebaki katika ukoo ni mjukuu wake Brina peke yake, na wakuu wa shamba wanakaa wiki ijayo kuchagua majike wa kubaki kuzaa na majike wa kuuzwa, wote wanalisoma hilo gazeti la wapanda farasi, wakisoma miguu mibovu upande wa mama, Brina anauzwa, ataishia kuvuta gari la watalii huko pwani na ukoo umekwisha, kwa kitabu kimoja cha muongo na mjukuu wangu aliyempamba muongo kwa maneno matamu... Watu wanamsubiri Nives, si utani, juzi Karel fundi wa viatu vya farasi kanisimamisha dukani, "Mama Pavla, mjukuu wako kasemaje kile kitabu, kama kibovu hela yangu nainunulia mvinyo," nikamwambia mvinyo utanunua hata kikiwa kizuri, akacheka, lakini anangoja, wote wanangoja, hawataki kuambiwa habari za karatasi, marehemu mume wangu Lojze akisomewa kitabu cha farasi alikuwa anauliza, farasi alikula nini, nani alimwinua mguu akamtazama, alikufaje, msomaji akishindwa kujibu anamwambia kakitie jikoni kiwake... Najua kwa nini, mimi si mjinga, Silvester amemwahidi nafasi uwanjani vuli ikifika, tandiko lake mwenyewe, na huyu binti tangu anatambaa ni farasi tu, nimtazame machoni nimwambie itupe, niseme mimi niliyemwona mtoto wa Brinovka akichechemea nikanyamaza, Lojze asifukuzwe kazi, hapana, nitanyamaza, nimwachie ale mkate wake, nikate kabichi... lakini Karel hajasomewa. Wala rafiki wa Nives wa mjini. Simu iko mkononi, kidole kimoja tu na imeshakwenda kwa wenye gazeti, nisingejua mpaka wiki ijayo, mimi nisiyeweza kusoma hata nikitaka, angetaka kudanganya angeituma kimya kimya, na badala yake amekuja kukaa hapa na buti zake chafu, kanisomea mimi, mimi kati ya watu wote, na sauti kaishusha pale pale penye mama... hakuja kusifiwa huyu. Amekuja kunivuta aproni. "Bibi," anasema, "unaonaje, niitume?" Miguu bado iko juu ya kiti, kabichi bado nusu, kidole chake kiko juu ya kioo, na mimi kisu nimekiweka chini. Soma tena toka mwanzo, mwanangu. Na safari hii mwite jina lake zima.