Kalia Mikono, Bibi

Bibi Fundi alikuwa anahamia kwa binti yake mwisho wa mwezi, na kona ya kushona kwenye jumba letu la jamii ilikuwa haijapata wa kuishika. Jumba zima tunaliendesha kwa kujitolea, na sheria yetu ni kwamba mwenye nguo mbovu anaitengeneza mwenyewe, fundi anamwelekeza tu. Lakini mikono ya Bibi Fundi haikujua kungoja. Ukikosea kidogo anakunyang'anya, na kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Tulikuwa tunarudi nyumbani na nguo nzima na vichwa vitupu.

Siku moja kabla hajahama nilimwacha mwanangu mdogo kwa mama wa zamu ya chai, nikakaa kwenye cherehani na suruali ya mume wangu iliyoharibika zipu.

"Lete hapa, mjukuu wangu, utazeeka nayo."

"Ukishaondoka nitampelekea nani, Bibi?"

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Kalia mikono."

"Leo umepatikana," mama wa chai akamcheka.

Bibi akaikalia kweli. Niliposhona kombo mabega yake yalishtuka, lakini mikono haikutoka.

"Fumua. Bana na pini kwanza, ndiyo ushone."

Nilifumua, nikashona, nikafumua tena. Mwishowe zipu ikapanda na kushuka bila kukwama.

"Mshono umelewa," Bibi akasema, "ila suruali inafunga. Kona hii utaishika wewe."

"Na mtoto nitamwacha wapi?"

"Mtoto ana kwao hapa," akajibu mama wa chai, mtoto mwenyewe keshalala begani kwake.