Mdomo Wake, Sauti Yangu

Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Mara Solieri. Aliyeonekana ni yeye, aliyesikika ni mimi. Yeye alipigwa picha akishuka kwenye magari, mimi nilipanda tramu na mfuko wangu wa vitunguu, nikaenda studio, nikalia kwa niaba yake mbele ya maikrofoni, kisha nikarudi nyumbani kumpikia baba.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Assunta Cacciapuoti. Alitoka Torre Annunziata, chini ya mlima Vesuvio, na tangu akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa akifunga tambi kiwandani. Mwaka 1950 mtayarishaji wa filamu aitwaye Bracaloni alimwona kwenye shindano la urembo la mji wa jirani. Assunta alitoka wa tatu, akamfuata mwamuzi na kumwambia mbele ya watu kwamba hana macho. Hasira ile ndiyo Bracaloni aliyoitaka. Akamleta Roma, akambadilisha jina, akampunguza nyusi, akamfundisha kutembea. Sauti ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na maneno aliyameza nusu kama wanavyoyameza watu wa kwao.

"Huyu akifunga mdomo ni malkia," Bracaloni aliniambia siku aliyoniita. "Akiufungua, sokoni moja kwa moja. Dada Ersilia, hebu mfungulie wewe."

Haikuwa aibu. Siku hizo waigizaji wengi walitiliwa sauti na watu wengine, na watazamaji hawakuuliza. Waigizaji wenyewe hawakuja kutusikiliza. Assunta alikuja. Alikaa nyuma kabisa mwa chumba, koti halijavuliwa, akanisikiliza nikimlilia mumewe wa kwenye filamu, aliyezama. Taa zilipowashwa akanijia.

"Kwa hiyo wewe ndiye mimi."

"Mimi ni Ersilia."

"Unalia vizuri, shoga. Mimi nikilia natokwa na kamasi."

Tukawa marafiki kuanzia hapo. Jumapili alikuja kwetu, akavua viatu mlangoni, akala dengu za mama sahani mbili na kumtania baba hadi mzee akakohoa kwa kicheko.

Filamu zake zilikuwa za machozi. Alikuwa mke aliyesalitiwa, mama aliyenyang'anywa mtoto, bibi harusi aliyeingia utawa. Wanawake walikwenda sinema na leso mbili. Bracaloni alimchezesha filamu nne kwa mwaka, na kila moja ilijaza kumbi kutoka Palermo hadi Torino. Picha yake ilibandikwa kwa vinyozi, kwa waoka mikate, hata ndani ya malori. Alinunua nyumba mtaa wa matajiri na koti la manyoya ambalo alilivaa hata Aprili.

"Mwaka huu nimekufa mara tatu," aliniambia siku moja, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. "Moja kwa kifua kikuu. Nimechoka kufa, Ersilia. Nataka filamu ambayo mwishoni naenda tu nyumbani."

Kufikia 1958 watu walikuwa wamechoka pia. Televisheni zilikuwa zimeingia kwenye baa, na vijana walitaka kucheka. Bracaloni alianza kuchelewa kupokea simu zake. Alipompa kazi, ilikuwa ya kuwa mama wa wasichana aliowazidi miaka minane.

Ndipo, mwaka 1961, akaja mwongozaji kijana kutoka Ferrara, Tullio Ghirardi, na hadithi ya mwanamke wa kiwanda cha tambi ambaye mumewe yuko gerezani. Bracaloni alikubali kuitoa kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi. Ghirardi alitaka sauti ya Assunta mwenyewe.

Assunta alinipigia simu asubuhi, bado anatafuna. "Ersilia! Mara hii nakunyima kazi."

"Ninyime. Koo limechoka."

Nilisema hivyo, nikacheka, nikakata simu na kukaa kwenye kiti bila kufanya chochote.

Walifanya kazi miezi minne. Nilikwenda kuwatazama mara moja. Assunta alikuwa ameacha kupaka nywele rangi, anabishana na Ghirardi juu ya jinsi tambi zinavyofungwa, na Ghirardi anaandika. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, wala kabla wala baada. Aliweka sauti yake mwenyewe, filamu nzima.

Wiki tatu kabla ya kuonyeshwa, Bracaloni aliniita.

"Watu wa Milano hawataelewa hata neno moja. Nipe wiki moja tu, Ersilia."

"Mwenyewe anajua?"

"Ataambiwa."

Nilimfahamu Bracaloni vya kutosha kujua kwamba hataambiwa. Baba alikuwa mgonjwa mwaka ule, na ningeweza kusema nilikubali kwa ajili ya dawa zake. Si kweli. Nilikubali kwa sababu ile simu ya asubuhi iliniuma. Nilimaliza kumtilia Assunta sauti kwa siku sita, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulinipa taabu. Alikuwa akivuta pumzi mahali ambapo mimi sivuti, na sentensi zangu zilifika zikiwa zimechelewa.

Waandishi wa habari walionyeshwa mchana, katika ukumbi mdogo. Assunta alikaa mbele, mimi nyuma. Alipofungua mdomo pale kwenye kitambaa cha sinema na sauti yangu ikatoka, safi, ya sebuleni, aligeuza kichwa. Akatafuta safu kwa safu mpaka akaniona. Nilitegemea hasira. Alinitazama kama mtu aliyefika stesheni na kuambiwa treni imeshaondoka, kisha akageuka mbele na kukaa hadi mwisho.

Magazeti yaliandika kwamba Solieri ameshuka kiwandani na midomo ya kasri. Filamu ilidumu kumbini siku tisa. Ghirardi alimshtaki Bracaloni, akashindwa. Mikanda ya sauti ya Assunta ilikuwa imeshafutwa ili itumike kwa filamu nyingine.

Baada ya hapo alifanya tangazo la supu na filamu mbili za panga na ngao zilizopigwa Hispania, akiwa mama wa mfalme. Mwaka 1967 aliuza nyumba akarudi kwao. Hatukuagana. Tangu siku ile ya ukumbini hatukuwa tumesemezana.

Nilimfuata mwaka 1974. Na mimi sauti ilikuwa imezeeka. Nilipewa mabibi na wachawi tu. Alikuwa na duka la nyuzi na vifungo, barabara ya nyuma ya kanisa, na alikuwa anampimia mteja mpira wa sketi. Alimaliza, akapokea pesa, akaniangalia.

"Ersilia. Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Mimi nilizeeka zamani. Wewe ulikuwa unanifichia."

Alifunga duka kwa ajili ya chakula, akanipeleka juu, akapasha tambi na maharage. Nilijaribu kuanza.

"Assunta, kuhusu ile filamu…"

"Nilikutukana miaka mitatu, kila asubuhi nikichana nywele. Siku moja nikasahau. Kesho yake nikasahau tena. Usinirudishe kwenye kazi ile, mama, mgongo unaniuma."

"Ningeweza kukataa."

"Ungekataa, angemwita mwingine, mtu ambaye hajawahi hata kula na mimi." Alimega mkate, akaupangusia sahani taratibu. "Lakini hata hivyo ungekataa tu."

Aliniuliza kama mama yangu yu hai, nikamwambia hapana. Akauliza dengu zile alizitia nini, nikamwambia: jani la bay, lile kavu la kunukishia chakula, na kipande cha ganda gumu la jibini. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa akibahatisha miaka yote hiyo. Kisha usingizi ukamchukua palepale kitini, mikono imelala mapajani. Niliosha sahani zote mbili na sufuria, nikazifuta, nikateremka ngazi bila kumwamsha. Treni yangu ilikuwa ya saa kumi.