Shangazi Habiba na Video ya Makopa

Ashrafu alitumia miaka minne kuchunguza kwa nini makopa ya mihogo huota ukungu, na kwa nini yanayoanikwa kichanjani huwa nafuu kuliko yanayoanikwa chini. Tasnifu yake ilikuwa nene kama tofali. Kwa kadiri alivyojua, walioisoma ni wasahihishaji tu, na hao walilipwa.

Ndipo chuo kikamtaka aifupishe iwe video ya dakika tatu, ieleweke na kila mtu, hata asiyeona. Maana yake, iwe na sauti ya kueleza kile kinachoonekana.

Akaenda Kiwangwa kwa shangazi yake, Habiba, mwenye kichanja kizuri uani, akafuatana na Tabia, mpiga picha wa chuo. Picha zilikwenda vizuri. Balaa likawa sauti.

"Katika muktadha wa uhifadhi wa mazao ya mizizi baada ya mavuno," Ashrafu alianza.

Tabia alivua spika za masikioni. "Kaka Ashrafu, hata kuku wameacha kuchakura."

Shangazi Habiba alikuwa pembeni akimenya mihogo. "Kwani shida nini? Si aseme tu anachokiona?"

"Haya mama, jaribu wewe," Tabia akasema, akamwekea picha mbele yake na kuwasha maikrofoni.

Shangazi akajifunga khanga vizuri, kana kwamba sauti nayo huonekana.

"Bismillahi. Hapa tunamwona Ashrafu, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kakonda. Shati hilo kalivaa Idi zote mbili. Ameshika makopa, anayatazama kama anataka kuyaposa. Haya ya kushoto yalianikwa chini, yameota ukungu wa kijani; mbuzi wangu kayanusa, kageuza shingo. Ya kulia yalianikwa kichanjani, usawa wa kiuno, upepo unapita juu na chini. Meupe kama kanzu ya bwana harusi! Usiku yafunike, umande usiyaguse. Sasa Ashrafu anainama. Suruali... astaghafirullahi, nyuma pamefumuka. Tuendelee."

"Shangazi!"

"Si mmeniambia niseme ninachokiona?"

Ashrafu aliapa kwamba sauti ile haitasikika na mtu. Akarekodi ya kwake, yenye muktadha wake wote, kisha yeye na Tabia wakaenda Zinga kuijaribu kwa wanachama wa chama cha wasioona. Mwenyekiti wao, Mzee Muharami, alikaa mbele, fimbo magotini. Video ilipofika katikati, fimbo ilianguka, na mzee hakushtuka. Alikuwa amelala fofofo.

Ilipokwisha, Ashrafu alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuwashukuru, kompyuta ikajiendea yenyewe kwenye faili lililofuata. "Bismillahi. Hapa tunamwona Ashrafu..."

Ashrafu aliirukia kompyuta, akajikwaa kwenye waya, akaenda chini na kiti. Ukumbi ulikuwa unacheka kabla hajaanguka.

"Usiizime!" Mzee Muharami alikuwa macho kabisa. "Huyu mama tunamwelewa."

Wakairudia. Kisha maswali yakamiminika. Mtu mmoja mrefu akauliza, "Usawa wa kiuno, kiuno cha nani?" Zuleha, mkulima wa hapohapo, akauliza kama turubai lafaa kufunikia usiku. Sauti nyingine kutoka nyuma ikataka kujua kama suruali imeshashonwa.

Ashrafu alijibu akiwa bado ameketi sakafuni. Mwanzoni masikio yalimwaka kwa aibu. Halafu akagundua kwamba miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kwa sababu alitaka kweli kujua jibu. Akajibu mpaka sauti ikamkauka. Hata habari ya suruali akaitolea maelezo.

Chuo kiliipokea video ya shangazi kama ilivyo. Haikupita muda wahadhiri wengine wakaanza kufunga safari kwenda Kiwangwa na picha zao. Wa kwanza alikuwa Dokta Yahya, mtafiti wa pweza, mtu mzima anayejipenda. Alikaa kitako uani akinywa chai, huku shangazi akimkagua kwenye picha.

"Dokta, hizi ndevu ulizopaka rangi, nizitaje au nizipite?"

"Zipite, mama. Tafadhali."

"Haya, mwanangu." Akaisogelea maikrofoni. "Bismillahi. Hapa tunamwona Dokta Yahya na pweza wake. Dokta ana ndevu, lakini rangi yake nimeombwa nisiitaje."