Gitaa Ndani ya Nyumba ya Ayeeyo Lul

Kufikia saa nane mchana Warsan alikuwa amerudia wimbo ule mara kumi na nne, na vidole vyake vilikwisha kuomba ruhusa ya kustaafu. Albamu ya kwanza ya roki kutoka Waberi, Garissa, ilibakiza wimbo mmoja. Siku nayo ilibaki hiyo hiyo moja: kesho alfajiri Hodo, mwimbaji wao, angepanda basi kwenda Hadado kuanza kazi ya ualimu, na huko hakukuwa na bendi wala dalili ya bendi.

Ngoma zilikwisha kurekodiwa. Adui alikuwa maikrofoni. Ile waliyoazima Nairobi ilikuwa bora kupita kiasi. Ilisikia feni, wakazima feni. Ilisikia punda wa maji, wakangoja apite. Ilisikia jirani wa nyumba ya tatu akikohoa, wakamwombea afya njema.

"Hii ina masikio ya mwalimu wa zamu," alisema Khalif, mpiga ngoma, akiwa chali sakafuni.

"Basi tufunike kelele kwa kelele," Warsan akaamua.

Wakaiacha amplifaya yao ndogo, wakachomeka gitaa kwenye ile kubwa ya kukodishwa harusini. Noti ya kwanza ilitikisa mabati ya mtaa mzima. Ya pili haikupigwa. Wanawake wanne waliingia uani kwa vigelegele, mmoja na chetezo cha ubani wa uunsi, mwingine akivuta mbuzi.

"Bibi harusi yuko wapi?" aliuliza jirani yao Fatumo.

Khalif alimnyooshea Warsan kidole. "Ndiye huyo, eddo. Ana haya."

Ilichukua nusu saa na mabirika mawili ya chai kuwaomba radhi. Aliyeondoka kwa furaha ni mbuzi peke yake.

Hodo alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. "Walaal, ndugu zangu," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "koo limebaki na mara moja tu. Chagueni vizuri."

Hapo ndipo Ayeeyo Lul, bibi yake Warsan, alipotoa kichwa. Alikuwa amekataa kata kata kulala kwenye nyumba ya mawe, akajijengea uani kibanda cha fito na mikeka, kama vya kwao Kutulo.

"Hii mkeka nilifuma miaka tatu," alisema. "Ubebo ya Kutulo ilishindwa kubita. Kelele yako ni nani?"

Akachukua birika lake, akawapisha.

Wakaingiza amplifaya ndogo kibandani pamoja na Warsan na maikrofoni ya Nairobi, wakafunga mikeka, ili isikie gitaa na si kingine. Hodo walimpa kipaza sauti walichoazima kwa Shuaib, anayetangaza sokoni ngamia waliopotea. Kilikuwa kizee, kimebonyea, lakini miaka yote ile katikati ya mifugo kilikuwa kimejifunza kusikiliza mdomo ulio mbele yake tu.

Hodo aliimba mara moja. Ubeti wa mwisho sauti ilipasuka, akaufikisha hivyo hivyo, kama mtu anayeburuta sanduku hadi mlangoni.

Warsan alichungulia kutoka kibandani, shati limelowa. Alitaka kusema warudie. Akamtazama, akachomoa waya wa gitaa.

"Imeingia?" Hodo aliuliza.

Khalif alisikiliza kwenye kompyuta hadi mwisho. Hakuna punda. Hakuna kikohozi.

"Wallahi imeingia."

"Basi washeni feni."